Takawiri: Mwongozo wa msafiri wa shanta katika visiwa vya Suba

Takawiri ni kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Kimekaa kati ya Rusinga na Mfangano, visiwa viwili vilivyo vikubwa zaidi katika eneo hilo, na hufikiwa kwa mashua kutoka mji wa Mbita. Sifa yake kuu ni ufuo wa mchanga mweupe wenye miti ya jamii ya mnazi, mandhari ambayo Wakenya wengi hudhani hayapatikani kwingine nchini ila Pwani.

Kwa miaka mingi wageni waliofika katika visiwa hivi walikuwa hasa watalii wa kigeni waliosafirishwa kwa ndege ndogo kutoka mbuga ya Maasai Mara ili wavue mbuta, kisha wakarudishwa. Leo barabara ya lami hufika Mbita, na mtu mwenye shanta mgongoni, au familia yenye gari lake, inaweza kufika kwa gharama ndogo. Hata hivyo, urahisi wa nchi kavu hukoma kwenye gati la Mbita. Kuanzia hapo mgeni anatumia njia ile ile ambayo wenyeji hutumia kupeleka samaki sokoni, watoto shuleni na wagonjwa hospitalini, na njia hiyo ina kanuni zake. Anayezifuata hurejea salama, na fedha zake hubaki mikononi mwa waliompokea. Anayezipuuza huweka maisha yake hatarini, wakati mwingine pamoja na ya nahodha aliyekubali kumridhisha.

Mahali na watu

Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800, na uso wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kenya inamiliki takriban asilimia sita tu ya ziwa hilo. Sehemu iliyobaki imegawanywa kati ya Tanzania na Uganda. Katika sehemu hiyo ndogo ya Kenya, Ghuba ya Winam huingia ndani ya nchi kavu hadi Kisumu, na visiwa vya Suba viko karibu na mlango wa ghuba hiyo, mahali maji ya ghuba yanapokutana na ziwa kuu. Ndiyo sababu mawimbi ya upande wa Takawiri na Mfangano huwa makubwa kuliko yale ambayo mtu huyaona akiwa Kisumu au Homa Bay mjini.

Wakazi wa asili ni Abasuba, jamii ya Kibantu ambayo wazee wake walihamia kutoka upande wa Uganda karne kadhaa zilizopita. Kwa kuishi na kuoana na Waluo, wengi wao leo huzungumza Kijaluo, na lugha ya Kisuba imo katika orodha ya lugha zilizo hatarini kutoweka. Mfangano ndiko ilikodumu zaidi. Mgeni hatapungukiwa akitumia Kiswahili, lakini akitamka "oyawore" asubuhi, "oimore" jioni na "erokamano" kwa kushukuru, atapokewa kwa uso mkunjufu zaidi. Wazee huitwa baba au mzee, na mwanamke mwenye watoto huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza badala ya jina lake mwenyewe.

Njia tatu za kufika Mbita

Njia inayotumiwa na wengi kutoka Nairobi hupitia Narok, Bomet na Kisii, kisha huingia Homa Bay kwa kupitia Oyugis au Rongo. Mabasi na matatu hufanya safari hiyo kila siku. Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni mwendo wa takriban kilomita 40 za lami, huku ziwa likionekana kwa vipindi upande wa kulia na vilima vya Gwasi vikijitokeza mbele. Msafiri wa gari la umma anashauriwa alale Homa Bay au Mbita badala ya kujaribu kuunganisha safari ya Nairobi na ya mashua katika siku moja, kwa sababu atafika gatini jioni, saa ambayo hapaswi kuwa majini.

Njia ya pili huanzia Kisumu. Mwenye gari anaweza kufuata barabara ya Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay, akiandamana na ukingo wa kusini wa ghuba. Anayetaka kuonja ziwa mapema huelekea Bondo hadi Luanda K'Otieno, na kuvuka kwa feri hadi Mbita. Feri hiyo hubeba watu na magari, na humpunguzia msafiri mzunguko mrefu wa kuipitia ghuba yote kwa nchi kavu.

Njia ya tatu ni ya kusini, kutoka Migori au mpaka wa Isebania, na inawafaa wanaotoka Tanzania kwa kupitia Sirari. Barabara kuu huelekea Rongo, na kutoka hapo msafiri hukata kushoto hadi Homa Bay. Wenye magari imara na muda wa kutosha huchagua kuandamana na ziwa: Karungu, Magunga, Sindo, kisha Mbita. Ni njia ya mandhari ya kupendeza, na haina vituo vingi vya mafuta. Tangi lijazwe kabla ya kuondoka Migori.

Vituo vya njiani

Kosa la wengi ni kuendesha mbio wakiuwazia ufuo tu. Karibu na Kendu Bay lipo Ziwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno lenye maji ya magadi ambalo heroe hulitembelea kwa misimu. Masimulizi ya Waluo yanasema palikuwa na kijiji hapo, na kwamba wakazi wake walimfukuza kikongwe aliyeomba chakula na hifadhi usiku wa mvua; maji yakafurika na kukimeza kijiji chote. Ni hadithi inayofaa kusikilizwa kabla ya safari, kwa kuwa inaeleza jinsi watu wa eneo hili wanavyouchukulia ukarimu kwa mgeni.

Magharibi ya hapo imo rasi ya Homa na mlima wake uonekanao kutoka mbali. Katika eneo la Nyayanga, kwenye rasi hiyo, wanasayansi walichimbua zana za mawe ambazo umri wake, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023, ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Zana hizo ni miongoni mwa zile kongwe zaidi za aina yake zilizowahi kupatikana duniani.

Kati ya Homa Bay na Mbita, katika Bonde la Lambwe, ipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita mraba 120. Ilianza kuhifadhiwa mwaka wa 1966 na ikapewa hadhi ya mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, na idadi yake ni ndogo mno. Twiga wapo, na vifaru walirejeshwa mwanzoni mwa muongo wa 2010. Bonde hilo liliogopwa zamani kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma, lakini mbung'o bado wanauma. Nguo za buluu na nyeusi huwavutia. Afadhali kuvaa rangi ya udongo au khaki.

Gati la Mbita na kanuni za maji

Mbita ni mji wa samaki, shule na utafiti. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kina tawi lake kubwa hapa, nalo limepewa jina lake. Rusinga imeunganishwa na mji huo. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo lililoziba mlango mwembamba kati ya kisiwa na bara, na hivyo kuzuia maji ya ghuba yasipishane na ya ziwa kuu. Wavuvi na wataalamu walilalamika kwa miaka mingi kuhusu uchafu na magugumaji yaliyokwama. Katika muongo wa 2010 tuta hilo lilifunguliwa na daraja likajengwa, na sasa maji hupita chini huku magari yakipita juu.

Gari huachwa Mbita. Kutoka hapo kuna vyombo vya aina tatu: feri na mabasi ya majini ambayo hufuata ratiba kwenda Mfangano, mashua za mbao zenye injini ambazo huondoka zikijaa na huteremsha abiria katika fuo mbalimbali, Takawiri ikiwa mojawapo, na mashua ya kukodiwa, ambayo ni ghali zaidi lakini humpa mgeni uhuru wa saa. Anayesafiri na shanta hutumia mashua ya abiria. Aulize nauli kwa abiria mwenzake kabla ya kuulizia kwa nahodha, na afahamu pia saa ya mashua ya mwisho ya kurudi.

Ziwa hili si bwawa la kuogelea. Mwezi Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa, wengi wao wakiwa na uwezo wa kuiona nchi kavu waliyokuwa wakiiendea. Katika mikasa yote miwili msongamano wa abiria na mizigo ulitajwa miongoni mwa sababu. Mashua ndogo zinazozama Kenya huua watu wachache kila mara, na nyingi hazitangazwi kwa uzito huo, ila chanzo ni kile kile: mzigo kupita kiasi, upepo wa ghafla, na abiria wasio na jaketi za kuokolea maisha.

Kwa kawaida asubuhi ziwa huwa tulivu. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani. Kufikia alasiri mawimbi huwa yamekua, na katika misimu ya mvua dhoruba za radi huweza kutokea kwa muda mfupi sana. Usiku mkondo wa hewa hugeuka, na dhoruba nyingine huzuka katikati ya ziwa kuelekea alfajiri. Ndiyo sababu wenyeji wenye hekima huvuka kabla ya saa sita mchana.

Kutokana na hayo, msafiri azingatie mambo matano. Kwanza, avuke asubuhi. Pili, avae jaketi ya kuokolea maisha na kuifunga, asiikalie kama mto; mwenye uwezo aje na yake, hasa ya watoto, kwa kuwa za kipimo chao huwa adimu. Tatu, akiona mashua imejaa kiasi cha ukingo wake kukaribia maji, ashuke, hata kama ameshalipa. Nne, asimshurutishe nahodha aondoke iwapo amesema upepo si mzuri, wala asimwongezee fedha ili abadilishe nia. Tano, aweke simu, vitambulisho na dawa ndani ya mfuko usiopenya maji, na amwarifu mtu aliye bara kuhusu saa anayotarajiwa kufika. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na nahodha aliyezaliwa kisiwani anayajua kuliko ramani ya simu.

Takawiri yenyewe

Kisiwa hiki kinaweza kuzungukwa kwa miguu. Ufuo mweupe ndio unaopigwa picha, na upo upande ambako pia kuna malazi ya watalii. Mwenye hema aombe ruhusa kabla ya kulisimika, kwa kuwa ardhi ina wenyewe na ufuo una wasimamizi. Malazi ni machache. Nafasi itafutwe mapema kwa simu. Msafiri asiyepata nafasi, au ambaye fedha zake hazitoshi, hulala Mbita, Rusinga au Mfangano na kuitembelea Takawiri kuanzia asubuhi.

Zaidi ya ufuo huo wa picha, sehemu kubwa ya ukingo wa kisiwa ni mahali pa kazi. Hapo mashua huvutwa, nyavu hushonwa, na omena huanikwa juani juu ya nyavu au turubai. Wanawake ndio wanaonunua, kukausha na kuuza sehemu kubwa ya dagaa hao. Mgeni anayekanyaga nyavu kutafuta pembe nzuri ya picha amekanyaga karo ya shule ya mtu. Picha za watu zisipigwe bila idhini, na za watoto zisipigwe bila idhini ya wazazi.

Uvuvi wa omena hufanyika usiku wenye giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta dagaa, na mtu aliye ufuoni huona msururu wa nuru ziwani mfano wa mji. Mbalamwezi ikikomaa kazi hiyo hupungua, kwa sababu mwanga wa mwezi hushindana na taa. Aidha, Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Mgeni anayetaka kuziona taa hizo achague usiku wa mwezi mwandamo nje ya miezi hiyo.

Samaki wa mezani ni mbuta na ngege. Mbuta hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akala aina nyingi za samaki wa asili na wakati huo huo akazaa biashara kubwa ya kusafirisha minofu ng'ambo. Ngege wanaouzwa leo si wote waliovuliwa. Katika miaka ya karibuni ufugaji wa samaki katika vizimba vilivyotiwa majini umeenea, na vizimba hivyo huonekana njiani. Mashua hupita mbali navyo, na mgeni asiombe kuvikaribia bila mwenyewe kukubali.

Jambo jingine la kukumbuka ni kina cha maji. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi kuvuka kidogo rekodi ya mwaka wa 1964, likameza fuo, mashamba na majengo ya kando kando. Ufuo unaoonekana katika picha ya zamani huenda usiwe na upana ule ule.

Mfangano na Rusinga

Anayefika Takawiri amekwisha kufika nusu ya njia ya Mfangano, na haifai kurudi bila kuiona. Kisiwa hicho kina mlima wa Kwitutu, wenye kilele cha karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayokizunguka. Bodaboda zipo, lakini kutembea ndiko kunakompa mtu nafasi ya kuona mashamba, mawe makubwa na ndege. Makao ya utawala ni Sena.

Mfangano ina michoro ya kale kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone. Ni duara ndani ya duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo watafiti huihusisha na wawindaji wa asili ya Batwa walioishi hapa kabla ya Abasuba. Wenyeji huyaheshimu maeneo hayo na kuyahusisha na mvua na tambiko. Michoro isiguswe, isimwagiwe maji ili ing'ae kwenye picha, wala jina la mgeni lisiandikwe ukutani. Waongozaji hupatikana kwa kupitia Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ambayo pia huhifadhi zana na masimulizi ya jamii hiyo.

Rusinga inafikiwa kwa gari kupitia daraja la Mbita. Hapo amezikwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na waziri aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Jengo la kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi, na ndani yake mna kumbukumbu za maisha yake, zikiwemo za mpango wa kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kuanzia mwaka wa 1959. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka wa 1948, Mary Leakey aligundua fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyepewa jina la Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mabaki ya kale hayaokotwi. Kuyachukua ni kosa la kisheria.

Afya

Magonjwa mawili yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni malaria, ambayo huenea mwaka mzima kando ya ziwa. Ni katika Kaunti ya Homa Bay, eneo la Ndhiwa, ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto mnamo Septemba 2019. Mgeni anayetoka Nairobi au nyanda za juu hana kinga aliyo nayo mwenyeji. Amwone daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya safari, alale ndani ya chandarua, na akipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, aeleze mahali alikokuwa.

La pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono waishio kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi ya mtu anayeoga au kutembea majini. Hakuna ufuo wa ziwa hili unaoweza kuhakikishwa kuwa hauna hatari hiyo. Mwenye kuamua kuogelea akwepe sehemu zenye magugu, ajikaushe upesi kwa taulo, na apimwe wiki sita au nane baada ya safari. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa ikiwa umegunduliwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Usiku ukingo wa maji uepukwe, kwa sababu viboko hutoka kulisha, na mamba wapo.

Mkoba wa msafiri uwe na dawa zake zote za kila siku, kwa kuwa huduma za afya visiwani ni za kimsingi na hospitali kubwa ziko bara. Mvuko wa dharura wakati wa usiku ni hatari kwa mgonjwa na kwa anayempeleka.

Fedha na adabu

Usemi wa wahenga kwamba mgeni njoo mwenyeji apone unatimia tu pale mwenyeji anapopata faida. Anayekuja na chakula chote kutoka dukani Nairobi, akalala hemani bila kulipa na kuondoka na picha, ameacha taka peke yake. Kununua samaki kwa mvuvi, kula katika kibanda cha mama wa ufuoni, kumlipa kijana wa kuongoza njia na kulala katika nyumba ya mwenyeji ni mambo madogo ambayo hujumlika kuwa karo na dawa. Malipo kwa simu, yaliyoanza nchini kwa M-Pesa mwaka wa 2007, hukubaliwa kwingi, lakini noti ndogo zinahitajika kwa nauli na vitafunio. Simu ichajiwe bara.

Kila ufuo wa uvuvi nchini husimamiwa na kamati yake, maarufu kwa kifupi BMU, chini ya kanuni zilizotolewa mwaka wa 2007. Mwenye kutaka kupiga kambi, kupiga picha za biashara au kwenda na wavuvi aanzie kwa maofisa wa kamati hiyo. Hao ndio wanaojua mashua gani ni nzima na nahodha gani hanywi pombe.

Taka nazo zirudi na mwenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa kama Ruma. Kisiwa kidogo hakina mahali pa kuzitupa. Kinachoachwa huishia majini.

Kurudi kwa upande wa Migori

Msafiri mwenye siku za ziada anaweza kurudi kwa kupitia Kaunti ya Migori na kuona Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Ni maboma ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, yanayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake hufika urefu wa mita nne katika baadhi ya sehemu. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Barabara za mwisho kufika hapo ni za vumbi, na wakati wa mvua huteleza.

Wengine hushawishika kwenda Migingo, kisiwa cha mwamba kilichojaa vibanda vya mabati, ambacho Kenya na Uganda zimekizozania waziwazi tangu mwishoni mwa muongo wa 2000. Safari yake kutoka Muhuru Bay ni ndefu kuliko ya Takawiri, ziwa ni wazi, na vyombo vya usalama vya nchi mbili vinahusika. Si mahali pa kwenda bila kuuliza mamlaka kwanza.

Ratiba na msimu

Siku tano zinatosha. Siku ya kwanza ni ya barabara hadi Homa Bay. Ya pili, Ruma asubuhi na Mbita jioni. Ya tatu, kuvuka mapema hadi Takawiri na kulala huko. Ya nne, Mfangano. Ya tano, kurudi Mbita kwa mashua ya asubuhi, kuizuru Rusinga, kisha kuanza safari ya nyumbani au kulala mji wa njiani. Siku ya sita ya akiba ni muhimu; upepo ukikataza kuvuka, mwenye haraka ndiye anayeshawishika kupanda chombo kisichofaa.

Miezi ya Juni hadi Septemba, na Januari na Februari, huwa mikavu zaidi. Mvua za masika za Machi hadi Mei huharibu barabara za vumbi na kuzidisha dhoruba. Desemba huwa na wageni wengi wanaorudi nyumbani kwa sikukuu. Mashua hujaa na nauli hupanda. Anayesafiri wakati huo afike gatini alfajiri, na chombo kikijaa, asubiri kinachofuata.